Wasanii Hawajaivamia Siasa

Nimechoka kusikia kwamba siasa za Kenya zimeharibiwa na wasanii. Uchaguzi ukikaribia tu, mtu hushika kipaza sauti kwenye kongamano hotelini, anawalaumu wanamuziki na wachekeshaji, na ukumbi unapiga makofi. Mimi huhariri taarifa ya habari ya saa moja, runingani. Hesabu hiyo hainiingii.

Umaarufu peke yake haumfikishi mtu bungeni. Mwanamuziki Bahati aliwania ubunge wa Mathare, Nairobi, mwaka 2022, akaangushwa na Anthony Oluoch wa chama cha ODM. Mwanamuziki mwenzake, Jaguar, alitwaa Starehe 2017 kwa tikiti ya Jubilee, 2022 hakurudi. Mchekeshaji Jalang'o alipata Lang'ata 2022, sawa, lakini kwa tikiti ya ODM, na Nairobi tikiti hiyo si karatasi tu. Anayeniharibia hoja ni mwanahabari Mohamed Ali: Nyali, Mombasa, 2017, mgombea huru, mtaji wake ni jina alilojijengea kwa upekuzi wa runinga. Huyo sina la kumjibia.

Ila mnalinda mlango ambao mwizi hakupitia. Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi, hakuwa msanii. Alikuwa mfanyabiashara wa matatu, akaingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Makadara 2010, akawa seneta wa Nairobi 2013, gavana 2017. Ustaa aliupatia humo humo kwenye siasa, na kamera zilikuwa zetu. Mikufu tuliivuta karibu, pete tukazihesabu. Seneti ilipoidhinisha kutimuliwa kwake Desemba 2020, ni watazamaji wangapi wangetaja hata shtaka moja?

Wala hakuna njama. Klipu za mkutano wa Jumapili hufika jioni, saa ya taarifa ikinyemelea. Mheshimiwa amesema dakika arobaini: barabara, basari, mgao wa CDF (hazina ya maendeleo ya eneo bunge), kisha mwishoni kijembe kwa mpinzani na kusakata ngoma jukwaani. Nina nafasi ya sekunde ishirini. Mnajua nitakachobakiza. Naye anajua, ndiyo maana kabla ya kurusha kijembe hutafuta kwanza kamera iko wapi. Mgao wa CDF hauna picha.

Na msiniambie eti watazamaji ndio wanaotaka hivyo. Juni 2024 vijana walikesha TikTok wakichambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu: VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Mtandao huo huo mnaosema ni wa kiki.

Kinachonisumbua ni kingine. Nikiacha kumwonyesha mheshimiwa akicheza, nitakuwa nimempunguzia ustaa, au nimemsukuma tu kwenye akaunti yake, ambako hakuna wa kumuuliza basari zilimfikia nani? Wengi washahamia huko. Siku hizi hututumia klipu zikiwa zimeshakatwa, muziki umewekwa, jina limeandikwa chini kwa herufi kubwa. Na siku ambayo hatuna gari la kumpeleka mwanahabari, tunazirusha hivyo hivyo.