Taa ya kulanti imewaka? Usikimbilie kununua sensa

Mteja anakuja na sensa mpya ya kulanti mkononi (kile kifaa kinachoangalia kiwango cha maji ya kupozea injini), bado iko kwenye boksi, anasema fundi nifungie hii taa imenichosha. Ukimuuliza nani kakwambia ni sensa anasema si ndiyo imeandika kwenye dashibodi. Hapana bwana, dashibodi haijui kama sensa ni mbovu, yenyewe inajua tu kwamba umeme unaotoka huko haujakaa vile inavyotarajia, na hiyo inaweza kuwa maji yamepungua kweli, waya umekatika, plagi imeliwa na kutu au boya linaloelea ndani ya tangi limekwama. Sensa yenyewe mimi huwa naishuku mwisho.

Kwanza kabisa angalia maji, tena injini ikiwa imepoa na gari iko sehemu tambarare. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, mle ndani kuna presha na kulanti inakuwa imepita hata nyuzi 100 bila kuchemka, ukilegeza tu inakurukia usoni. Kama iko chini ya alama ya MIN basi sensa inafanya kazi yake vizuri, hapo unatafuta inakovujia: mipira ya rejeta, pampu ya maji, kifuniko chenyewe, na kama hakuna alama yoyote nje anza kuwaza gasketi ya silinda hedi. Taa inayowaka ukikata kona au ukipanda mlima halafu inazima, mara nyingi maji yako pale pale mpakani, ongeza kulanti ya aina ile ile uone kama inarudi.

Sasa maji yamejaa na taa bado inawaka. Hapa inabidi ujue gari yako ina sensa ya aina gani maana hazipimwi sawa.

Nyingi zina boya lenye sumaku ndani ya tangi, na sensa ni swichi ndogo, vyuma viwili vyembamba ndani ya kichupa cha kioo vinavyogusana sumaku ikisogea. Chomoa plagi, weka mita ya umeme kwenye ule mlio wa kupimia waya, gusa pini mbili za sensa, halafu chukua sumaku yoyote yenye nguvu uipitishe karibu na sensa. Mlio ukija na kukatika kila ukisogeza sumaku, sensa nzima, shida ni boya au waya. (Nyingine zina rezista, yaani kizuia umeme, ndani kwa hiyo mita hailii, weka kwenye omu, kipimo cha ukinzani, uangalie kama namba inabadilika.) Na boya huwa linakwama kwa uchafu, hasa gari iliyochanganyiwa kulanti za aina tofauti mpaka ikatengeneza tope kama uji, au limepasuka likaingiza maji likazama. Mulika tochi kwenye tangi ugonge pembeni taratibu, utaona kama linacheza. Likikwama fungua tangi ulioshe, likiwa limezama nunua tangi, hapo sensa mpya haikusaidii kitu.

Aina nyingine ni pini mbili za chuma zinazozama kwenye kulanti yenyewe, umeme mdogo unapita kwenye maji kutoka pini moja kwenda nyingine. Hii inadanganywa na vitu viwili: utando wa mafuta au tope kwenye pini, na maji matupu yaliyosafishwa ya betri, yale hayapitishi umeme vizuri kwa hiyo tangi limejaa lakini gari inaona pako pakavu. Futa pini na kitambaa, usizikwangue, weka kulanti yenye mchanganyiko sahihi.

Plagi usiipite haraka haraka. Ukiona unga wa kijani kwenye pini umeshapata mchawi wako, safisha, kaza vile vyuma vya ndani vilivyolegea, kisha washa swichi ya gari utikise waya kidogo kidogo kuanzia kwenye plagi uone kama taa inacheza. Kama ni waya mbili na sensa ni ya boya, unganisha matundu ya plagi kwa kipande cha waya, halafu tena uyaache wazi: taa lazima ibadilike kwa mojawapo, isipobadilika kabisa tatizo liko kwenye waya au huko mbele kwenye dashibodi. Ila zima swichi na uwashe upya kila ukibadilisha, na uwe na subira, gari nyingi zinachelewesha makusudi ili taa isiwake kila maji yakitikisika. Waya zikiwa tatu usiunganishe chochote, mmojawapo unaweza kuwa unaleta umeme, ukiupeleka kwenye ethi (waya wa bodi ya gari) utaunguza kitu cha bei kuliko sensa.

Yote hayo yakiwa sawa na sumaku haileti mabadiliko yoyote kwenye mita, haya sasa, nunua sensa. Chukua na oringi yake mpya (kampira ka duara ka kuzuia kuvuja), na ukimaliza kujaza toa upepo kwenye mfumo halafu uangalie maji tena kesho yake asubuhi kabla hujawasha, maana upepo uliobaki ukitoka maji yanashuka na taa itawaka tena, utaanza kulaumu sensa mpya.