Jik na dawa ya choo visikutane

Wengi tunaamini choo kimetakata pale harufu ya klorini inapotupiga puani. Lakini Jik na wenzake, ambao ndani yao ni sodiamu haipokloriti, huua vijidudu na kutoa rangi. Mafuta na tope haviwahusu. Tena ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake inaishia humo humo na vijidudu vinasalimika. Kwa hiyo sabuni kwanza, suuza, ndipo dawa ifuate.

Kuchanganya nako hupeleka watu hospitali. Dawa nyingi za kutoa ukoko wa choo zina asidi, na asidi ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini palepale: macho yanawaka, kifua kinabana, kikohozi hakikatiki. Siki na ndimu ni asidi pia. Mkojo uliolala una amonia, nayo ikikutana na Jik huzaa kloramini, gesi nyingine yenye sumu, kwa hiyo nepi zilizolowa mkojo zisuuzwe kabla ya kuonja Jik. Harufu ikianza kukukaba usimalizie kusugua. Toka, acha mlango wazi. Mwenye pumu asiingie kabisa.

Kipimo: soma lebo. Ikiwa ni ya 3.5%, vijiko 2 vya chakula (ml 30) kwa lita 1 ya maji hukupa karibu 0.1%, inayotosha sakafu na meza. Acha palowe dakika 10, kisha suuza. Palipomwagika damu, futa kwanza, halafu kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Maji yawe baridi, maana ya moto huvunja dawa. Changanya ya siku hiyo tu.

Usiihamishie kwenye chupa ya soda, hata kwa muda. Mtoto akiinywa usimtapishe, itamuunguza koo mara ya pili. Msukutue mdomo, umkimbize hospitali na chupa yenyewe. Ikiingia machoni, maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20.

Kwa maoni yangu, nyumba isiyo na mgonjwa wa kuhara au kutapika haina haja ya Jik kila siku. Sabuni na brashi vinatosha. Ukoko mweupe wa bombani hulainika ukiufunga kitambaa chenye siki kwa nusu saa. Mafuta ya jikoni yanatoka kwa magadi soda na maji ya moto, ila si kwenye sufuria ya alumini, itakuwa nyeusi. Na ule mchanganyiko wa siki na magadi unaosifiwa sana? Povu linapendeza, lakini vinauana nguvu. Tumia kimoja, suuza, ndipo kingine.