Kwa Nini Montana Ilipoteza Kiti Bungeni Ilhali Watu Wake Waliongezeka?

Montana ni jimbo la Marekani lililo mpakani na Kanada. Kwa ardhi linaizidi Ujerumani nzima, lakini watu wake ni milioni moja na kidogo tu. Kuanzia mwaka 1913 jimbo hili lilikuwa na viti viwili katika Baraza la Wawakilishi, chemba ya Bunge ambayo viti vyake hugawanywa kwa kufuata idadi ya watu. Mwaka 1993 likabaki na kiti kimoja. Miaka 30 baadaye, Januari 2023, likarudishiwa cha pili.

Jibu linalomjia mtu haraka ni kwamba watu walihama, migodi ikafungwa, vijana wakaenda kutafuta kazi California, jimbo likapungukiwa. Linaingia akilini vizuri, ila takwimu zinalikataa. Sensa ya 1980 ilihesabu wakazi 786,690. Ya 1990 ilihesabu 799,065, na walipojumlishwa wanajeshi na watumishi wa serikali waliokuwa ng'ambo, hesabu ya kugawia viti ikawa 803,655. Jimbo liliongeza watu na likapoteza mwakilishi kwa sensa hiyohiyo.

Kosa ni kudhani kwamba kiti ni malipo ya idadi fulani ya watu, kana kwamba ukishafikisha kiasi hicho kiti ni chako milele. Viti vyote ni 435 na haviongezeki. Jimbo moja likipata, lazima jingine litoe. Kati ya 1980 na 1990 Marekani nzima ilikua kwa karibu asilimia 10, Montana kwa chini ya asilimia 2. California peke yake ilijiongezea viti saba katika mgawo ule. Montana haikurudi nyuma. Ilitembea wakati wenzake wanakimbia.

Hapo huzuka dhana ya pili, kwamba hiyo 435 imeandikwa kwenye Katiba ya Marekani. Haimo. Katiba inataka watu wahesabiwe kila baada ya miaka kumi, kila jimbo lipate walau mwakilishi mmoja, na wawakilishi wasizidi mmoja kwa kila watu 30,000. Baraza la kwanza, mwaka 1789, lilianza na viti 65, na kwa zaidi ya karne moja njia ya kumaliza ugomvi ilikuwa kuongeza viti kila baada ya sensa, isipokuwa mara moja tu, katika miaka ya 1840, vilipopunguzwa. Sheria ya 1911 iliweka viti 433, pamoja na kimoja kwa Arizona na kimoja kwa New Mexico zitakapokuwa majimbo kamili. Baada ya sensa ya 1920 Bunge likashindwa kabisa kugawa viti upya. Watu walikuwa wamehamia mijini, na wabunge wa vijijini hawakuwa tayari kujinyonga kwa kura zao wenyewe. Muongo mzima ukapita kwa mgawo wa zamani, hadi sheria ya 1929 ilipoifunga namba palepale ilipokuwa. Ni sheria ya kawaida, Bunge linaweza kuibadilisha likitaka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Kenya iko karibu zaidi na mfumo huo wa namba iliyofungwa, maana maeneo bunge yake 290 yametajwa kwenye Katiba yenyewe. Tanzania inafanana na Marekani ya karne ya 19: kabla ya uchaguzi wa 2025 Tume ya Uchaguzi iliongeza majimbo ya uchaguzi manane, yakafika 272, bila kumnyang'anya mtu.

Historia ya mwanzo ya Montana tuipitie haraka. Ilikuwa eneo la utawala kuanzia 1864, ikiwa na mjumbe Bungeni asiyepiga kura. Tarehe 8 Novemba 1889 ikawa jimbo kamili, na Thomas H. Carter akawa mwakilishi wake wa kwanza. Sensa ya 1910 ikaipa kiti cha pili, lakini mwanzoni haikugawanywa wilaya za uchaguzi. Wapiga kura wa jimbo zima walichagua wote wawili. Kwa utaratibu huo, mwaka 1916, Jeannette Rankin akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, miaka minne kabla wanawake wa nchi nzima hawajahakikishiwa kura na Katiba. Mwaka 1917 alikuwa mmoja wa wawakilishi 50 waliopinga kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye jimbo likagawanywa wilaya mbili, Rankin akajaribu Seneti, akashindwa. Akarudi Barazani mwaka 1941, wakati wa kupiga kura ya kutangaza vita dhidi ya Japani. Matokeo yalikuwa 388 kwa 1. Huyo mmoja ni yeye. Kiti chake kilirithiwa na Mike Mansfield, ambaye baadaye aliongoza walio wengi katika Seneti kuanzia 1961 hadi 1977, na hadi leo hakuna aliyekaa katika cheo hicho mfululizo kwa muda mrefu kama yeye. Seneti haijali idadi ya watu, kila jimbo lina maseneta wawili, kwa hiyo huko Montana haikuwahi kupunguziwa kitu.

Sasa hesabu yenyewe.

Ukigawa watu wote wa majimbo kwa viti 435 katika sensa ya 1990, kila kiti kinapata watu 572,466. Montana ilikuwa na mara 1.40 ya hao. Hakuna kiti cha 0.40, kwa hiyo lazima kuamua. Je, jimbo lipate kimoja na wawakilishwe watu wengi mno kwa kiti, au viwili na wawe wachache mno?

Chukua shughuli ya harusi. Pilau imepakuliwa, zimebaki sinia kumi kwa koo mbili. Ukoo mdogo una watu 8, mkubwa una 49. Ukiupa mdogo sinia moja na mkubwa tisa, wale wadogo watabanana watu 8 kwenye sinia, na wakubwa watakaa kama 5.4 kwa kila sinia. Tofauti ni watu 2.6. Ukiupa mdogo sinia mbili na mkubwa nane, wadogo watakuwa wanne wanne wakijinafasi, na wakubwa kama 6.1. Tofauti inashuka hadi 2.1. Mzee wa ukoo mdogo atasimama aseme ugawaji wa pili ndio wa haki, maana pengo limepungua, na hakosei. Lakini mzee wa ukoo mkubwa ana hesabu yake. Katika ugawaji wa kwanza, sinia iliyobanwa ilizidi nyingine kwa asilimia 47. Katika wa pili ni asilimia 53. Ukipima kwa vichwa, wa pili ni bora. Ukipima kwa asilimia, wa kwanza. Pilau ni ileile na wageni ni walewale.

Ukoo mdogo ni Montana, na mkubwa ni Washington, jimbo la pwani ya magharibi lenye mji wa Seattle, ambalo mwaka 1990 lilihesabiwa watu 4,887,941. Kwa mgawo uliopitishwa, Washington ilipata viti 9, kila kimoja watu 543,105, huku mwakilishi mmoja wa Montana akibeba 803,655. Pengo ni watu 260,550. Kama kiti kimoja kingehamishwa, Montana ingekuwa na 401,828 kwa kiti na Washington 610,993, pengo likashuka hadi 209,165. Lakini kwa asilimia, tofauti ingepanda kutoka 48 hadi 52.

Sheria inayotumika tangu 1941 inapima kwa asilimia. Waliobuni kanuni hiyo ni Joseph Hill, mtakwimu wa ofisi ya sensa, na Edward Huntington, mwanahisabati wa Harvard. Utekelezaji wake ni wa kuchosha ila si mgumu. Kila jimbo kwanza linapewa kiti kimoja. Kisha, kila jimbo likiomba kiti kinachofuata, watu wake hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la viti lilivyonavyo na vile litakavyokuwa navyo. Mwenye jibu kubwa anachukua, na mchezo unaendelea hadi 435 viishe. Kwa anayetafuta kiti cha pili, kigawanyo ni kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.414. Kwa hiyo ili kupata viti viwili jimbo halihitaji mara mbili ya wastani, wala mara moja na nusu. Linahitaji karibu mara 1.41. Montana ilikuwa na 1.40.

Kiti cha mwisho, cha 435, kilikuwa cha tisa cha Washington. Kukishinda, Montana ilihitaji nyongeza ya takriban watu 11,000, na mbele yake kwenye foleni ilikuwepo pia Massachusetts.

Montana ikaenda mahakamani ikidai kipimo kiwe cha vichwa. Jopo la majaji watatu likaipa ushindi mwaka 1991. Serikali kuu ikakata rufaa, na Machi 1992 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba Bunge lina haki ya kuchagua kanuni yake. Majaji hawakusema kipimo cha asilimia ndicho cha haki kuliko vingine. Walisema hakuna kipimo kinachoridhisha kila upande, na aliyepewa kazi ya kuchagua ni Bunge. Hata usafi wa mwaka 1941 usiushangilie sana: tofauti ya kanuni hii na ile ya kukadiria kwa nusu (kuanzia nusu unapanda, chini yake unashuka), kwa sensa ya wakati ule, ilikuwa kiti kimoja, ama kiende Michigan ama Arkansas. Arkansas ilikuwa ngome ya chama cha Democrat, wenye wingi Bungeni, na ndiyo iliyokipata.

Novemba 1992 wawakilishi wawili waliokuwa madarakani, Pat Williams wa Democrat na Ron Marlenee wa Republican, wakagombea kiti kimoja kilichobaki. Williams akashinda kwa tofauti ndogo. Kuanzia hapo Montana ikawa wilaya ya uchaguzi yenye watu wengi kuliko zote Marekani: 905,316 kwa mgawo wa 2000, na 994,416 kwa ule wa 2010.

Sensa ya 2020 ikaleta 1,085,407, ambao ni mara 1.43 ya wastani mpya wa 761,169. Kwa kukadiria kwa kawaida, 1.43 ni 1, na Montana ingebaki na mwakilishi mmoja. Ni kanuni ileile ambayo Montana iliipinga mahakamani, yenye kizingiti chake cha 1.41, ndiyo iliyoipa kiti cha pili. New York, wakati huohuo, ilipoteza kiti kwa kupungukiwa watu 89.

Sasa wilaya mbili za Montana, zenye wastani wa watu 542,704, ndizo ndogo kuliko zote nchini. Ile kubwa kuliko zote ni Delaware, watu 990,837 na mwakilishi mmoja, ambayo kwa sensa ile ilihitaji karibu watu 88,000 zaidi ili kupata wa pili.