Kwa nini nyota za moto hupuliza upepo usiotulia?

Mwanga husukuma. Hapa duniani hatuusikii msukumo wake kwa kuwa ni mdogo mno, lakini juu ya nyota yenye joto la nyuzi 40,000 hivi, mwanga huohuo hung'oa gesi na kuitupa nje kama upepo, kwa kasi inayozidi kilometa 2,000 kwa sekunde. Naos, nyota ya kundinyota la Shetri, hupoteza hivyo gesi isiyopungua uzito wa Jua zima katika miaka milioni moja. Jua nalo lina upepo, ila kwa mwendo wake lingehitaji makumi ya trilioni ya miaka kujimaliza.

Tazama atomu moja ya kaboni ndani ya upepo huo. Hainasi kila mwanga. Hunasa rangi chache tu za urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, na kila ikinasa hupigwa kikumbo kwenda nje. Lakini atomu zilizo chini yake zimekwisha kuzinyakua rangi hizo, kwa hiyo imebaki kivulini. Kinachoiokoa ni mwendo. Ikikimbia, mwanga unaoifuata nyuma huifikia ukiwa umevutika kuelekea wekundu, na rangi ambayo wenzake hawakuigusa sasa inakuwa yake. Inasukumwa tena, inazidi kutoka kivulini. Hidrojeni na heli, ambazo ndizo nyingi, hukokotwa tu.

Fujo nayo huanzia hapohapo. Gesi iliyowazidi majirani kasi kidogo tu hupata mwanga zaidi, hukimbia zaidi, mpaka inaigonga ya polepole iliyo mbele. Migongano hiyo huipasha hadi mamilioni ya nyuzi, ikatoa eksirei, na upepo unakuwa mabonge mabonge.

Kuna pia mabadiliko yenye mpangilio. Setilaiti za BRITE, zinazopima mwangaza wa nyota, zilibaini kuwa mwangaza wa Naos hupanda na kushuka kila baada ya siku 1.78, dalili ya mabaka angavu yanayozunguka na uso wake. Upepo wa juu ya baka hutoka tofauti na wa jirani, kisha mkondo wake hujipinda kama maji yanayotoka kwenye mpira wa kumwagilia unaozungushwa.

Mabonge yaliwaponza wapimaji pia. Gesi iliyobanana hung'aa kuliko kiasi hichohicho kikitandazwa, hivyo makadirio ya zamani ya gesi inayopotea yalizidi, mara nyingi maradufu au zaidi. Si kosa dogo: nyota hizi huishi miaka milioni chache tu, na uzito unaobaki mwishoni huchangia kuamua kama nyota itaacha nyota ya nyutroni, yaani kiini kidogo kilichobanana mno, au shimo jeusi.