Hoja ni nini? Insha ya utafiti juu ya riwaya

Binti mmoja, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Arusha, aliniletea insha ya kurasa nne juu ya riwaya tuliyokuwa tunaisoma kwenye kipindi cha Kiingereza. Mwandiko safi, majina ya wahusika yote sawasawa. Nikamwuliza, "Sasa hapa unadai nini?" Akaigeuza karatasi na kuangalia nyuma, kana kwamba dai limeandikwa upande wa pili. "Mwalimu, mbona pointi zipo sita?"

Kweli zilikuwa sita. Hoja haikuwepo hata moja.

Neno hoja tunalo mdomoni kila siku. Mbunge anatoa hoja, vijiweni wanakwambia hoja haipigwi rungu. Kwenye insha ya utafiti, hoja ni dai moja ambalo mwandishi analiweka mezani mapema na kulitetea kwa ushahidi mpaka mwisho. Kwa Kiingereza huitwa thesis, neno lililotoka kwenye Kigiriki likiwa na maana ya kitu kilichowekwa. Maana hiyo naipenda, maana kitu kikishawekwa mezani kila aliyekaa pale anaweza kukishika, kukigeuza, hata kukikataa.

Na hapo kwenye kukataliwa ndipo hoja inapoachana na ndugu zake. "Ardhi" ni mada. "Wakoloni waliwanyang'anya Waafrika ardhi" ni dhamira, na ni kweli, lakini nani atabisha? Pointi nazo ni vipande vya jibu la mtihani: swali linataka vitabu viwili, pointi tatu kila kitabu, mtoto anashusha sita na kuweka kalamu chini. Steshenari za mjini zinauza madesa, yaani vijitabu vya majibu yaliyokwisha tayarishwa, ambamo kila riwaya imeshakatwakatwa kama nyama ya mshikaki. Sitayatukana, yamewavusha wengi. Ila desa haliwezi kukupa hoja, kwa sababu hoja huanza pale wewe mwenyewe unapojiuliza jambo ambalo hujui jibu lake.

Kipimo ninachotumia darasani ni kidogo tu. Andika sentensi yako, kisha tanguliza maneno "si kweli kwamba". Kama hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema hivyo, bado huna hoja.

Tulikuwa tunasoma Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964. Njoroge ni mtoto wa kwanza wa nyumba yao kupelekwa shule. Baba yake, Ngotho, ni kibarua kwenye shamba la Mzungu anayeitwa Howlands, na shamba lenyewe ni ardhi ya mababu zake Ngotho. Nyumbani wanaamini kijana akisoma, ardhi itarudi. Binti yule alianza na sentensi hii: "Riwaya hii inaonyesha umuhimu wa elimu." Tukaipima, ikaanguka papo hapo. Siku mbili baadaye akaja na nyingine: "Riwaya hii inaonyesha kwamba elimu haikuwa na nguvu yoyote mbele ya ukoloni." Darasa likachemka. Nikajua tumefika.

Sasa ushahidi. Wengi wanadhani ushahidi ni kunukuu mistari mitatu, kuifungia kwenye alama za usemi na kuendelea na safari. Nukuu ikiachwa hivyo ni bubu, lazima useme inathibitisha nini. Binti alichagua mwanzo kabisa wa kitabu, pale mama anapomwuliza Njoroge kama angependa kwenda shule. Mama anamkumbusha kwamba wao ni maskini, hatakuwa anapata chakula cha mchana kama watoto wengine. Anamtaka pia asije akamwaibisha kwa kukataa shule siku moja. Njoroge anakubali yote. Binti akaandika chini yake: shule ya Njoroge inalipiwa kwa njaa kabla haijalipiwa kwa ada, na deni hilo ni la mama kabla halijawa la mtoto. Kisha akaruka mpaka sehemu ya pili, polisi wanapokuja kumchukua Njoroge shuleni kwake, sekondari, na kwenda kumtesa. Elimu aliyoinunua kwa njaa haikumkinga hata mlangoni pa shule yenyewe. Kufikia hapo anatetea dai, hasimulii tena hadithi. Kwa mwalimu anayesahihisha madaftari 50 jioni, tofauti hiyo unaiona kabla hujamaliza ukurasa.

Lakini insha ya utafiti haiishii ndani ya kitabu. Inatoka nje kutafuta vyanzo vingine, na hapa vijana wengi wanakosea kwa kutafuta vile tu vinavyowaunga mkono. Binti ana bibi yake Ngarenanyuki, upande wa Meru. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu huko watu wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akasafiri hadi New York kulisema jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliyewasaidia kisheria alikuwa Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1967 wawili hao walichapisha kitabu juu ya kisa hicho. Na Oktoba 1952, mwaka uleule wa safari ya Japhet, Kenya ikatangaziwa hali ya hatari, ileile inayoivunja nyumba ya Njoroge.

Binti alikwenda kumhoji bibi yake wakati wa likizo. Bibi alikuwa mtoto mdogo; anakumbuka nyumba zikiungua na ng'ombe wakisukumwa njiani. Nilimwambia aandike jina la bibi, mahali na tarehe ya mazungumzo, na aseme wazi kwamba tafsiri ya Kiingereza ni yake mwenyewe. Nikamwambia pia ajue bibi ni shahidi wa nini. Kwa moshi na ng'ombe, hakuna chanzo kitakachompita. Kwa idadi ya waliohamishwa, aende kwenye kitabu cha Japhet na Seaton.

Aliporudi alikuwa na sura ya mtu aliyeibiwa. "Mwalimu, hoja yangu imekufa. Hawa waliandika barua, wakapata wakili, wakafika mpaka New York. Elimu ilikuwa na nguvu." Nikamwuliza kama ardhi ilirudi mwaka ule. Haikurudi. "Basi haijakufa," nikamwambia, "imejeruhiwa." Hoja iliyojeruhiwa haitupwi, inanolewa. Unatafuta neno lililozidi ndani yake, na kwake lilikuwa "yoyote". Wiki nzima alikuwa akifuta na kuandika upya. (Ndiyo maana nawaambia wasiandike utangulizi kwa kalamu ya wino mapema.) Mwishowe akaleta hii:

"Katika Weep Not, Child elimu inashindwa kuirudisha ardhi kwa sababu nyumba moja inambebesha mtoto mmoja mzigo wa watu wote, Wameru wa 1952 nao hawakuipata ardhi mwaka ule, lakini elimu yao ilisikika mbali kwa kuwa waliibeba pamoja."

Ni ndefu, na kwa Kiingereza alihangaika kweli na zile nukta mkato. Lakini ipime. Unaweza kusema si kweli? Unaweza, na ukasema kwa akili. Inasema ni jambo gani linatokea, na inataja sababu. Tena inaonyesha njia: msomaji anajua insha itapita kwa Njoroge kwanza, halafu Meru, halafu itavilinganisha viwili hivyo.

Alipoisoma mbele ya darasa, kijana wa dawati la nyuma akanyosha mkono. "Mbona vibarua kwenye riwaya waligoma pamoja, na mgomo ukavunjika vilevile? Ngotho akabaki bila kazi na bila pa kukaa." Ni pingamizi zito. Insha nzuri hailifichi pingamizi la namna hiyo, inalitengea aya yake, inalieleza kwa haki kama ambavyo mpinzani mwenyewe angelieleza, ndipo inajibu. Binti alisimama kimya kidogo, akafungua kitabu kwenye mkutano wa mgomo, pale Jacobo, tajiri Mwafrika aliye upande wa wakoloni, anapoletwa na polisi kuwashawishi watu warudi kazini.

"Naomba mpaka Jumatatu," akasema.