Neno kisukari linavyotupotosha

Mwezi uliopita nilikaa msibani karibu na mama mmoja ambaye binti yake, mwenye miaka tisa, huchomwa insulini kila anapokula. Chakula kilipoanza kugawiwa, mama alitoa kimkoba chake, akamtoboa mtoto ncha ya kidole, akasoma namba kwenye mashine, akaiangalia sahani kwa muda, akahesabu kimoyomoyo, kisha akachoma sindano. Bibi mmoja wa jirani alikuwa akitazama tangu mwanzo. Akamwambia kwa huruma kabisa: "Mwanangu, mngemkataza pipi mapema, haya yote yasingemfika." Mama hakujibu. Aliinama kufunga kimkoba, zipu ikakwama, akaivuta mara mbili tatu bila kuinua uso.

Yule bibi hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alilifuata neno lilivyo: kisukari, basi sukari. Mtoto anaumwa sukari, basi alikula sukari. Nimeisikia hesabu hiyo sokoni, kwenye daladala, redioni, hata kwa watu waliosoma vizuri, na kila mara kuna mtu anayebebeshwa lawama isiyo yake.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Kisukari ni hali ya glukosi, ile sukari sahili ambayo mwili huitumia kupata nguvu, kukaa juu mno ndani ya damu kwa sababu insulini haipo, haitoshi, au ipo lakini mwili umekuwa mzito kuitikia. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, na kazi yake kubwa ni kuiruhusu glukosi itoke kwenye damu iingie kwenye misuli na mafuta, na kulizuia ini lisiendelee kumwaga glukosi nyingine. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa siku nyingine kikaonyesha vilevile, daktari ataita hiyo kisukari. Kinachonikera ni jina.

Tuanze na ile ki-. Nimemsikia mtangazaji akieleza kwamba ki- ya kisukari ni ya udogo, kana kwamba ni "sukari ndogo", ugonjwa mwepesi wa kuacha kijiko cha chai ukapona. Sivyo. Kiswahili kina safu nzima ya maradhi yaliyokaa katika ngeli hiyo: kifafa, kichocho, kipindupindu, kifaduro, kiharusi, kisonono, kikohozi, kichaa. Hakuna anayedhani kiharusi ni harusi ndogo. Ki- hapo inatuambia tu kwamba tunataja maradhi. Inayochanganya watu labda ni ndizi kisukari, ile fupi yenye ganda jembamba, ambayo ni ndogo kweli na ni tamu kweli. Neno ni lile lile, lakini ki- ya ndizi na ki- ya ugonjwa hazifanyi kazi moja.

Sukari nayo imetoka mbali. Katika Kisanskriti sharkara ni changarawe, mchanga wenye chenga, na ndilo jina waliloipa juisi ya miwa iliyochemshwa ikaganda ikavunjwavunjwa. Waajemi wakaiita shakar, Waarabu sukkar, sisi wa pwani tukaipokea sukari, na Wataliano, Wahispania na Waingereza nao wakachukua kwa njia hiyo hiyo. Bonde la Pangani lilikuwa likilima miwa na kupika sukari tangu karne ya 19, kwa hiyo si neno geni kwetu wala si kitu kigeni. Tuna hata sukari guru, ambayo guru yake ni gur ya Kihindi. Lakini katika safari yote hiyo neno lilitaja kitu kimoja: kile chenye chenga, kitamu, cha kutia kwenye chai.

Lilifikaje kwenye ugonjwa? Kwa njia ya mkojo. Waganga wa kale wa India waliona mkojo wa baadhi ya wagonjwa unavuta sisimizi, wakauita ugonjwa huo madhumeha, mkojo wa asali. Huku kwetu pia wazee waliitambua dalili hiyo hiyo chooni, kabla ya mashine yoyote. Wagiriki wao waliangalia wingi wa mkojo, si utamu wake: diabetes inatokana na kitenzi chao cha kupita katikati, kama maji yanavyopita kwenye mrija. Aretaeus, tabibu wa Kapadokia aliyeishi zama za utawala wa Roma, aliandika kwamba ni kama nyama ya mgonjwa inayeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo. Mwaka 1776 tabibu Matthew Dobson wa Liverpool alichapisha maelezo ya jinsi alivyochemsha mkojo wa mgonjwa mpaka ukakauka, akabaki na kitu cheupe chenye ladha ya sukari. Akaona pia kwamba maji ya damu ya mgonjwa huyo yalikuwa matamu. Waarabu leo wanasema as-sukkari, Wajerumani wana neno lao linalomaanisha ugonjwa wa sukari, na sisi tukasema kisukari.

Ona basi kinachotajwa. Majina haya yote yanataja kilichoonekana kikitoka. Glukosi ikizidi kama milimoli 10 kwa lita kwenye damu, figo hushindwa kuirudisha yote, ikamwagikia kwenye mkojo, ikavuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana ya kiu isiyokatika na kuamka usiku mara nne tano. Jina limeshika kile kilichofurika nje ya pipa. Kuhusu kilichoharibika ndani halisemi kitu.

Na hapo ndipo neno sukari linapobeba vitu viwili kwa mpigo. Iko sukari ya dukani, na iko "sukari" ya kwenye mashine, yaani glukosi ya damu. Hizi si kitu kimoja. Glukosi ya damu hutoka kwenye wali, ugali, chapati, muhogo, viazi, ndizi za kupika, embe, na usiku ukiwa umelala ini lako linaitengeneza lenyewe. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Kimeng'enya cha mate huanza kuukata mdomoni, ndiyo maana ukitafuna mkate kwa muda mrefu unaanza kuwa mtamu.

Shangazi yangu ana kisukari mwaka wa kumi sasa. Chai yake haitiwi sukari hata punje, na analisema hilo kwa fahari, haki yake. Pembeni ya kikombe hicho kuna vipande vinne vya muhogo wa kuchemsha na chapati. Mchana ni wali. Sahani ya wali mweupe yenye gramu 300, na hiyo si sahani ya mlafi, ina wanga wa gramu 80 hivi. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Kwa uzito, wali ule unamwingizia glukosi ya vijiko 20, naye anahangaika na kijiko kimoja cha kwenye chai. Na damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita 5 kwa makadirio, huwa na glukosi kama gramu 5 tu kwa wakati mmoja. Kijiko kimoja na ushee! Mwili usiku na mchana unafanya kazi ya kuilinda hiyo gramu 5 isipande wala isishuke, huku sisi tukishusha sahani nzima. Insulini ndiyo inayobeba mzigo huo.

Ndiyo maana naumia nikisikia "nimeacha sukari, natumia asali". Kijiko cha asali ni kizito kuliko cha sukari, na sukari iliyomo hufika gramu 5 au 6. Sukari guru nayo ni sukari ile ile ya muwa, haikusafishwa tu. Utamu umebadilisha nguo. Ulimi unaambiwa ni dawa, ila kongosho linapokea kile kile.

Nisieleweke kwamba sukari ya dukani haina kosa. Soda ya chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, inafika kwenye damu na kwenye ini upesi kwa sababu haina cha kuichelewesha, na anayeinywa kila siku anaongeza uzito na kujiweka karibu zaidi na kisukari cha aina ya pili. Hicho cha aina ya pili ndicho kinachohusiana na namna tunavyoishi: mafuta yanayojikusanya tumboni na kwenye ini, kukaa bila kuushughulisha mwili, umri, na urithi wa ukoo, ambao hauchagui. Misuli na ini vinaanza kuisikia insulini kwa mbali, kongosho linazidisha juhudi miaka mingi, mwisho linachoka. Wapo wembamba wanaopata. Wapo wanene wasiopata. Chakula kina sehemu kubwa hapo, lakini ni chakula chote, sahani nzima na ukubwa wake, pamoja na mwili unaokipokea.

Aina ya kwanza ni jambo jingine kabisa, na kwa ajili yake ndiyo nimeandika. Kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inazishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini mpaka zinakwisha. Hakuna pipi inayofanya hivyo. Ushahidi mzito kuliko wote ni wa kihistoria. Kabla insulini haijapatikana, madaktari wa Marekani waliwatibu watoto hawa kwa njaa: waliwanyima karibu wanga wote, wakawapimia chakula kidogo mno, watoto wakabaki mifupa. Kama sukari ya kuliwa ndiyo ingekuwa chanzo, wangepona. Waliongezewa miezi, wengine mwaka au zaidi, kisha wengi wakafa. Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Alikuwa mahututi. Aliishi miaka 13 mingine. Kilichomwokoa ni kupewa kile ambacho mwili wake ulikuwa haukitengenezi.

Jina hili lina hatari nyingine ambayo nimeishuhudia kwa macho. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alichoma insulini asubuhi, kazi ikamzidi, akachelewa kula. Saa nane mchana alikuwa anatetemeka, jasho linamchuruzika, anajibu maneno yasiyoeleweka. Kijana mmoja akakimbilia soda. Mzee mmoja akaizuia kwa mkono: "Huyu ana sukari, mnataka kumuua?" Alikuwa anamlinda, kwa jinsi alivyolielewa neno. Ilhali sukari ya fundi ilikuwa imeshuka, na dakika zile sukari ndiyo ilikuwa dawa yake. Mwanawe alifika mbio, akakoroga vijiko vinne kwenye nusu glasi ya maji, akamnywesha. Baada ya robo saa fundi alikuwa anauliza mkasi wake uko wapi. Mtu wa namna hiyo, akiwa bado anaweza kumeza, mpe kitu kitamu, msubiri dakika 15, mpime tena kama mashine ipo, kisha ale. Akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Wengine wamependekeza tuache kabisa neno kisukari tuseme dayabetesi. Sioni faida. Neno letu limezoeleka, linatamkika, na watu wanalijua. Ninachoomba ni tulisome kama tunavyosoma kifafa au kichocho: jina la ugonjwa, lisilotoa ushahidi wa kilichouleta. Na tukisema "sukari yangu iko ngapi", tukumbuke tunataja glukosi ya damu. Zahanati nyingine hupima pia kile watu wanachokiita sukari ya miezi mitatu: glukosi hujibandika kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi kama siku 120, zinatunza kumbukumbu ya kila sahani iliyopita. Kujibandika kwa namna hiyo hiyo, kwa miaka, ni sehemu ya kinachochosha mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Muhogo umo ndani ya kumbukumbu hiyo sawa na pipi.

Shangazi nilimweleza hivyo hivyo, kwa upole, kwa sababu amejitahidi mno kuiacha ile sukari ya chai na sikutaka kumvunja moyo. Tulirudisha vipande viwili vya muhogo sufuriani, tukaongeza mchicha na maharage, chapati ikabaki ya siku nyingine. Chai aliendelea nayo bila sukari.

Na kule msibani, yule binti alikula pilau yake pamoja na watoto wenzake, kiasi kile mama alichokihesabu, na kipande cha tikiti juu yake. Bibi alishangaa kumwona anakula. Nikasogea nikakaa karibu naye, nikamwambia, bibi, huyu mtoto hakuharibiwa na pipi, kongosho lake ndilo lililoacha kutoa kitu kinachohitajika, na sindano ile inakirudisha. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: "Kongosho liko wapi hilo?" Nikamwonyesha kwenye mwili wangu, hapa juu, nyuma ya tumbo la chakula. Akapapasa na yeye pale pale kwenye khanga yake, halafu akanyanyuka taratibu akaenda kukaa karibu na yule mama.