Maana ya tumaini katika maisha ya Mkristo

Abiria aliyekwama katika msongamano wa magari hapa Kampala husema, "Natumaini nitafika Mukono kabla ya mvua," na anachokusudia ni kwamba anatamani tu, kwa kuwa hakuna aliyemwahidi chochote. Tumaini linalozungumzwa katika Biblia si la namna hiyo. Neno lenyewe latupa mwanga, maana kutumaini kumetoka katika Kiarabu, kwenye neno lenye maana ya moyo kutulia na kuwa na hakika. Mwenye kutumaini, basi, ni mtu aliyetulia kwa sababu anamjua aliyemwahidi, ingawa alichoahidiwa hajakitia mkononi.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, unalifananisha tumaini na nanga ya roho. Mvuvi wa Ziwa Viktoria hahitaji kufafanuliwa mfano huo. Usiku upepo unapochafuka, mtumbwi wake hupanda na kushuka, maji humrukia usoni, na kamba hukazika hata akaihisi ikitetemeka kiganjani, ilhali nanga yenyewe haioni, kwa kuwa imezama gizani ikashika chini. Nanga haitulizi ziwa. Kazi yake ni kukizuia chombo kisichukuliwe na maji. Waraka huo unasema kwamba nanga ya Mkristo imeshika ndani ya pazia, yaani mbele za Mungu, alikokwisha kutangulia Yesu. Hivyo uthabiti wa tumaini hautokani na ushupavu wa anayetumaini, jambo ambalo mahubiri yetu mengi hulisahau.

Wakristo waliochomwa moto Namugongo, karibu na Kampala, tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kwa ajili ya imani yao, Karoli Lwanga akiwa mmoja wao, hawakuwa wakidhani kwamba kuni zingekataa kuwaka. Kama tumaini lingekuwa kubashiri kwamba mambo yatanyooka karibuni, wao wangehesabiwa kuwa walikosea. Lakini walichokingojea ni ufufuo, na huo moto hauufikii.

Hapa ndipo Yeremia 29:11, aya ipendwayo sana kuhusu mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho, husomwa vibaya, kana kwamba ni hati ya kupata kazi au kiwanja kabla ya Krismasi. Ukirudi nyuma aya moja utakuta miaka 70 ya kungoja. Maneno hayo yamo katika barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia mateka Wayahudi waliokuwa Babeli, na watu wazima wengi walioisikia ikisomwa hawangeishi kuiona siku ya kurudi Yerusalemu. Hata hivyo hawakuambiwa wakae wakihesabu miaka. Waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, wawaoze watoto wao, na kuuombea amani mji uleule walikopelekwa utumwani.